Shajara ya "Kusi": bendi yetu ya roki nzito inarudi, Tanga

Jumamosi, Ngamiani

Tumekubaliana: tunarudi na wimbo mmoja, na wimbo wenyewe ni "Kusi". Naweka shajara hii kwa kuwa wenzangu wametawanyika, mmoja Korogwe, mwingine Muheza, na kila mtu anataka kujua kazi imefika wapi bila kupigiana simu kila jioni. Pia wapo vijana hapa mjini wanaotaka kupiga roki nzito na wananiuliza waanzie wapi. Wakati wetu hatukuwa na wa kumuuliza. Wao wasome humu.

Bendi ilisimama zaidi ya miaka kumi. Hatukugombana. Ualimu ulimchukua mpiga drams, mpiga besi akaenda kufanya kazi melini, mwimbaji akaoa Mombasa akahamia huko, na mimi na mpiga gitaa mwenzangu tukabaki na magitaa yasiyo na pa kupigwa. Hakuna aliyetangaza kwamba bendi imekufa. Mazoezi yaliahirishwa wiki, kisha mwezi, kisha watu wakaacha kuuliza.

Mpiga drams alitaka albamu nzima. Nilimpinga, na bado nasimama hapo. Watu ambao hawajapiga pamoja kwa muda wote huo wakitoa albamu, watatoa nyimbo tatu za kweli na nyingine za kujazia. Wimbo mmoja unatulazimisha tukubaliane juu ya kila kitu: mwendo, maneno, nani anaimba, nani ananyamaza. Tukiweza hilo, mengine yatafuata.

Tulisikiliza waliowahi kupita njia hii. WITCH wa Zambia walitoa albamu yao ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama ambazo Kaunda alitaka redio ijae muziki wa nyumbani, na vijana wa kule wakaitikia kwa magitaa ya kunguruma. Bendi ikaja kufifia. Mwaka 2023 Emmanuel Jagari Chanda, mwimbaji wao wa tangu mwanzo, akatoa albamu mpya kwa jina lile lile, akiwa na wanamuziki vijana kutoka Ulaya. Ninachokipenda pale ni kwamba hajilazimishi kuimba kama alivyoimba ujanani. Sauti imekomaa na anaiacha isikike hivyo hivyo. Nimewaambia wenzangu: tukirudi kwa kujiigiza wenyewe wa zamani, afadhali tusirudi.

Jumapili

Rekodi pekee ya "Kusi" tuliyonayo ni ya mazoezi, kaseti iliyorekodiwa kwa redio iliyowekwa juu ya kiti. Tumeihamishia kwenye kompyuta. Magitaa yanasikika kama pasi za umeme, lakini rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ipo, na inabeba.

Kinachobaki: rifu ya mwanzo, besi inayoshuka kabla ya kiitikio, na jina. Kinachoondoka: maneno ya Kiingereza tuliyoyaandika kwa kuamini roki haiwezekani bila Kiingereza, solo yangu ndefu, na mwendo. Zamani tuliupiga kwa kasi. Kusi haina haraka. Upepo huo huanza kama mwezi wa nne na kuvuma hadi mwezi wa tisa, na wavuvi wa Sahare na Mwambani wanajua kuwa ukikaza, ngalawa hupandishwa mchangani na watu wakakaa. Wimbo unahusu kukaa huko, na nyumba inayomngoja aliyekuwa ameshatoka. Tumeshusha mwendo hadi mapigo 72 kwa dakika. Mpiga drams alikunja uso, akapiga, kisha akakiri kwamba sasa anaisikia bahari.

Jumatano, tyuni

Magitaa yameshuka. Uzi mnene, ambao kwa kawaida ni noti ya E ya Hz 82.4 (mitetemo kwa sekunde), sasa ni C ya Hz 65.4. Nyuzi nyingine tano zimeshuka hatua moja nzima kila moja. Besi nayo imefuata hadi C ya chini, Hz 32.7, sauti ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Vijana huniuliza kwa nini roki nzito hushusha tyuni, yaani hulegeza nyuzi ili noti ziwe za chini zaidi. Mwaka 1965, Tony Iommi, kijana wa kiwandani Birmingham, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya bati. Ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vinavyobonyeza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye yeye na wenzake wa Black Sabbath wakashusha tyuni hatua moja na nusu. Nyuzi zililegea, vidole vikapumua, na sauti ikawa nzito kuliko chochote kilichosikika kabla. Maumivu ya mfanyakazi mmoja yamo ndani ya muziki huu, na kila ninapolegeza uzi nakumbuka hilo.

Kwa anayetaka kujaribu: usishushe tyuni ukabaki na nyuzi za kawaida. Zinakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, zinapiga kwenye vyuma vya shingo na hazikai kwenye tyuni. Tumeagiza Dar es Salaam nyuzi nene zaidi, za 12 hadi 56 (sehemu za elfu za inchi), zikaja na basi. Kwa pwani yetu ongeza jambo moja: chumvi. Uzi wa gitaa Tanga hauzeeki kwa kupigwa tu, unaliwa na hewa. Pangusa kila baada ya kupiga, funika gitaa, na jeki za nyaya zisafishe mara kwa mara maana kutu yake ndiyo inayoleta mkwaruzo ambao watu wengi hudhani ni amplifaya mbovu.

Ijumaa, baada ya swala

Chumba cha mazoezi kiko uani, nyumba ya mama mdogo wa mpiga besi. Kuta ni za tofali, dari fupi, na kila kipigo cha drams kinarudi mara tatu. Tumetengeneza fremu za mbao, tukajaza katani na kuzivika magunia. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 kwa ajili ya kamba, na sasa umetufaa na sisi: nyuzi zake zimekausha ule mlio wa juu unaochoma masikio.

Sauti ya chini haijakauka wala haitakauka kwa njia hii. Wimbi la Hz 65 lina urefu wa zaidi ya mita 5, na ili kulinyonya ipasavyo unahitaji unene wa karibu robo yake, yaani mita 1.3 hivi. Chumba chenyewe hakina nafasi hiyo. Tulichofanya ni kuhamisha amplifaya ya besi kutoka kwenye kona, mahali ambapo mvumo hujazana, na kuiinua kwenye tofali mbili. Imesaidia sana. Mama mdogo anasema sasa vyombo kabatini havitikisiki.

Ratiba tumeipanga na majirani kwanza. Hatupigi wakati wa adhana wala wakati watoto wako madrasa, na tunafunga kabla ya saa tatu usiku. Bendi nzito ikikosana na mtaa haina maisha.

Jumanne, maneno

Leo nitaandika kwa urefu. Hapa ndipo wimbo ulipopata uti wa mgongo.

Mpiga besi ndiye anaimba sasa, na alisema mapema kwamba hataimba Kiingereza. Nikajaribu kuandika kwa mtindo wa shairi la mizani 16, mstari wenye vipande viwili, kama tulivyolelewa nao kwenye taarabu. Ulikataa. Mstari ni mrefu, rifu inamaliza kabla ya maneno, mwimbaji anakimbizana na gitaa. Nikarudi kwenye utenzi. Mizani nane kila mstari, vina vitatu na cha nne cha bahari, kile kinachorudi mwisho wa kila ubeti:

*Kusi yavuma mwambani,*
*ngalawa zi mchangani,*
*nani yuko baharini,*
*naye nyumba yangojea?*

Mzunguko mmoja wa rifu yetu una vipigo vinne, na kila kipigo ukikigawa mara mbili unapata nane. Mizani nane, nafasi nane. Silabi moja kwa kila nafasi, bila kulazimisha wala kuvuta. Nilipiga meza kwa kiganja nikisoma, nikamwita mwenzangu aje asikie.

Kisha tatizo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mstari wa mizani nane mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya saba daima: mwa-MBA-ni, mcha-NGA-ni, ngo-JE-a. Silabi ya saba ni kipigo cha nne. Ukipiga drams kwa mtindo wa kawaida, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inalia kipigo cha pili na cha nne, kwa hiyo snea na mkazo vinakutana. Lakini "Kusi" mpya inakwenda kwa nusu mwendo: snea inalia mara moja tu, kipigo cha tatu, na uzito wote wa wimbo uko hapo. Snea inapasua mahali pamoja, neno linasimama pengine. Sikio linavutwa huku na huku. Mara ya kwanza tulidhani mwimbaji anachelewa.

Mpiga drams, ambaye darasani anafundisha hesabu, ndiye aliyelifungua. Akasema mstari uanze mapema, kabla ya mzunguko, kwa silabi mbili. "Ku-si" inaingia mwishoni mwa mzunguko uliopita, "ya" inakaa juu ya kipigo cha kwanza, na silabi ya saba inaangukia kipigo cha tatu, juu ya snea. Tulipojaribu, chumba kizima kilibadilika. Neno na ngoma vilipiga pamoja, na magitaa tukapata pa kuegemea.

Likabaki la pumzi. Ukianza kila mstari mapema, mstari unaofuata unagonga mlango kabla huu haujatoka, na mpiga besi ana besi ya kupiga vilevile. Tukaweka mzunguko mmoja wa maneno, mmoja wa gitaa tupu. Ubeti mmoja sasa unachukua mizunguko minane, kama sekunde 27. Ni polepole mno kwa redio na ni sahihi kabisa kwa wimbo huu, kwani katika ile nafasi tupu ndipo msikilizaji anapongoja pamoja na watu wa ile nyumba.

Ubeti wa pili, uliopita bila mabishano:

*Matanga yamekunjika,*
*na kamba zimekatika,*
*mwezi nao wazunguka,*
*hakuna wa kupokea.*

Wapo wanaosema Kiswahili ni laini mno kwa roki nzito, kina irabu nyingi, hakina zile konsonanti za kupasua. Nasema irabu ndiyo nguvu yake. Mwimbaji wa roki nzito anahitaji kitu cha kufungulia kinywa. "Yangojeaaa" inaweza kushikwa mpaka mapafu yaishe, na gitaa likapita chini yake.

Alhamisi

Tumepata mgeni. Mzee mmoja wa Chumbageni, aliyepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi za hapa enzi za Jamhuri Jazz na Atomic, amesikia habari zetu kwa mama mdogo akaja mwenyewe na baiskeli yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Pigeni, nimekuja kusikia."

Tukapiga mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Magitaa mawili yanasema jambo moja kwa wakati mmoja. Nani anamwitikia mwenzake?"

Akaomba gitaa la mwenzangu, akaondoa mngurumo wote, akatuonyesha. Katika dansi, solo ikisema, ridhimu inabaki chini inashona, na besi inajibu pale solo inapovuta pumzi. Vidole vyake bado vyepesi. Tanga hii ndiyo iliyowalea akina Wilson na George Kinyonga kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika, na ndimo kundi la Black Star lilimoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Anayesema gitaa la umeme ni mgeni Tanga hajui historia ya mji huu.

Hatukukubaliana naye kwa yote. Yeye anaona mngurumo unaficha vidole. Nikamweleza kwa heshima kwamba katika muziki wetu mngurumo wenyewe ni sauti ya chombo, unarefusha noti moja hadi iwe ukuta, na noti ndefu hiyo dansi haina. Akasema, "Haya mwanangu, lakini ukuta nao una mlango." Tukachukua hilo la kuitikiana: kwenye ile mizunguko mitupu ya ubeti, gitaa la mwenzangu linanyamaza na langu linajibu maneno kwa noti nne tu. Kwenye kiitikio tunarudi pamoja kwa nguvu yote. Kiitikio kimekuwa kizito maradufu bila kuongeza hata kifaa kimoja.

Ametuahidi kurudi.

Jumapili usiku, simu ya Mombasa

Hili nililiogopa. Rifu ya "Kusi" niliitunga mimi, lakini mpito wa besi kabla ya kiitikio na mnyanyuko wa sauti wa kiitikio ni kazi ya mwimbaji wetu wa zamani. Maneno yamebadilika, mnyanyuko haukubadilika. Huwezi kurekodi kazi ya mtu bila ruhusa yake kisha ukamwita ndugu.

Akapokea. Salamu za nyumbani, watoto, wazee, hali ya biashara. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tunataka kuurekodi Kusi." Kimya. Kisha akaniambia niuimbe kiitikio kwenye simu. Nikaimba kwa sauti yangu isiyo ya kuimbia. Akanirekebisha sehemu moja, palipopaswa kupanda nilikuwa nashuka.

Harudi. Kazi yake haimruhusu, na alisema wazi kwamba hamu ya jukwaa imemtoka. Ila ameridhia, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwenye utunzi, na nikamwambia hilo halikuhitaji kuwa sharti. Tumegawana utunzi: yeye, mimi na mpiga besi sehemu sawa. Drams na gitaa la pili wana haki zao kama watumbuizaji. Kesho naliandika, wote tunatia saini, nakala inakwenda kwake kupitia mpaka wa Horohoro na mtu tunayemwamini.

Vijana, fanyeni hili kabla ya kurekodi. Baada ya wimbo kutoka kila mtu hukumbuka alichangia zaidi.

Jumamosi, studio

Drams zimerekodiwa. Studio iko Uhindini, nyumba ya zamani yenye dari ndefu, na fundi wake kazi yake ya kila siku ni Bongo Fleva na kaswida. Hakuwahi kurekodi drams za mtu hai kwa muziki mzito. Alikuwa na hofu, sisi tukawa nayo, tukafanya taratibu.

Maikrofoni: moja ndani ya dramu kubwa ya mguu, mbili kwenye snea, juu na chini, moja kwa kila tomu, mbili juu ya matoazi. Zile mbili za juu tulizipima kwa kamba kutoka katikati ya snea, umbali ule ule kila upande. Zikitofautiana, mlio wa snea unafika kwa nyakati mbili tofauti na ukizichanganya unadhoofika. Maikrofoni ya chini ya snea tuliigeuza alama kwenye mashine, chanya ikawa hasi, kwa sababu ngozi ya juu ikibonyea kwenda mbali na maikrofoni yake, ya chini inakuja kuelekea yake. Fundi alipobonyeza kile kitufe snea ikanenepa palepale. Alikibonyeza na kukiachia mara kadhaa, akicheka kwa furaha.

Ugomvi wa siku ulikuwa kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo ambao mpigaji huufuata. Fundi alitaka kila kitu kifuate kliki ya 72. Mpiga drams alitaka kiitikio kisonge mbele kidogo, kama tunavyopiga uani. Tumefanya hivi: kliki ni 72 kwenye beti na 74 kwenye kiitikio. Tofauti hiyo msikilizaji haitambui, mwili unaitambua.

Wimbo wote ni dakika tano na nusu. Fundi alishauri tatu, redio zinataka tatu. Bendi ya Tool ya Marekani, waliokuwa wamekaa miaka 13 bila albamu, mwaka 2019 walitanguliza wimbo wa zaidi ya dakika 10 na ukaingia kwenye chati ya nyimbo 100 ya Billboard. Wao walikuwa na mamilioni wanaowangoja, sisi tunaongojwa na watu wachache wa Tanga na Mombasa. Hata hivyo urefu unatokana na wimbo. Tulijaribu kukata ubeti wa pili na kilichobaki kilikuwa tangazo la wimbo, tukaurudisha.

Wiki iliyofuata

Magitaa yamekwisha. Kila rifu ya kiitikio nimeipiga mara mbili kamili, mwenzangu vilevile, zangu zimekwenda kushoto na zake kulia. Kunakili rekodi moja na kuipeleka pande zote mbili hakufai. Zikiwa sawa kabisa sikio linazikusanya katikati; ni tofauti ndogo za mkono wa binadamu zinazofanya ukuta uwe mpana. Na mngurumo tumeupunguza kuliko tunavyotumia jukwaani. Tabaka zikijumlishwa mngurumo nao unajumlishwa, ukizidi noti zinayeyuka.

Sauti ya kuimba ilichukua jioni moja. Mpiga besi aliomba taa zizimwe. Mstari wa "hakuna wa kupokea" aliuimba kwa namna ambayo fundi hakuthubutu kumwambia arudie, ingawa kulikuwa na pikipiki iliyopita nje. Ukisikiliza kwa hedifoni utaisikia. Imebaki.

Jumatatu, miksi

Kwenye spika za studio miksi ya kwanza, yaani rekodi zote zikiwa zimechanganywa, ilitisha kwa uzuri. Kwenye simu besi ilitoweka yote. Simu nyingi hazitoi karibu chochote chini ya Hz 200, na besi yetu inaishi chini ya hapo. Watu wengi watausikia wimbo huu kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye spika ya kibandani. Hatuwezi kuwaandikia wenye spika kubwa peke yao.

Dawa yake si kuongeza besi. Tumechukua nakala ya besi, tukaitia mngurumo, tukaikata chini yote na kuacha sehemu ya katikati tu, kisha tukaichanganya na ile safi. Mngurumo unazaa sauti za juu zinazotokana na noti ile ile, na sikio likizisikia hizo linajijazia lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Sasa mpito wa besi kabla ya kiitikio unasikika hata kwenye simu ya bei ndogo. Nimempa dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu autumie siku nzima. Aliporudi aliniambia abiria mmoja aliuliza, "Hawa ni wa wapi?" Alipojibiwa wa hapa Ngamiani, hakuamini.

Kwenye kumalizia, fundi alitaka kuuminya wimbo uwe na kelele kuliko zote. Tumekataa. Majukwaa makubwa ya kusikilizia hushusha yenyewe nyimbo zenye kelele kupita kiasi, mengine yakilenga kama LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiuminya unapoteza pumzi na hupati sauti. Nataka beti ziwe chini kweli na kiitikio kije kama kilivyo.

Alhamisi, karatasi

Kwa ufupi, maana ni kazi ya mezani. Usajili wa bendi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, umehuishwa. Wimbo umepelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999: watunzi watatu upande mmoja, watumbuizaji na rekodi upande mwingine, ile karatasi ya mgawanyo imeambatishwa. Rekodi imepata namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, ambayo ndiyo inayowezesha kila wimbo unapopigwa ujulikane ni wa nani. Kava ni picha ya ngalawa iliyopandishwa mchangani Sahare, imepigwa na binti wa mpiga drams kwa simu yake. Hatukuongeza maandishi ila jina la wimbo.

Ijumaa

"Kusi" umetoka usiku wa kuamkia leo. Kutoka Mombasa ujumbe wa kwanza ulikuja kabla ya alfajiri: "Kiitikio mmekipatia." Alhamdulillahi.

Asubuhi redio moja ya hapa mjini iliupiga, dakika zote tano na nusu, mtangazaji hakuukata. Wapo waliopiga simu kusema ni kelele. Wapo waliouliza kama yale maneno ni ya utenzi wa zamani. Mvuvi mmoja kutoka Mwambani alisema hewani kwamba kaka yake alitoka wakati wa kusi na hakurudi, na kwamba angependa upigwe tena. Ukapigwa tena. Mpiga besi alikuwa nami, akatoka nje kwanza.

Mzee amekuja jioni. Amesikiliza kwa hedifoni, macho yamefumbwa, akinyanyua kidole kila gitaa langu lilipojibu maneno. Amesema noti ya tatu katika zile nne haina kazi, zibaki tatu. Nimeipiga bila hiyo mbele yake na ana haki. Jukwaani tutapiga tatu.

Onyesho ni mwezi ujao, uwanja wa wazi, na bado hatujapata jenereta ya kutosha wala drams za kuazima zenye ngozi nzima. Mpiga drams anashuka kutoka Korogwe Jumamosi asubuhi. Mazoezi ni saa nane mchana, tunaanza na beti bila magitaa, sauti na snea tu, mpaka silabi ya saba ikae mahali pake kila mara.